Mwongozo kwa Bunduki Inayotaka Kuhamia Washington

Mwanangu, barua yako nimeipata. Unasema umechoka kukaa darini ndani ya gunia, panya wanakimbizana juu ya mtutu wako, na umesikia kwamba Washington kuna wenzako wanaoishi kwenye nyumba za kioo, wamewekewa taa zao peke yao na kupimiwa unyevu wa hewa wasije wakashika kutu, huku watu wakipanga foleni kuwatazama. Uliyosikia ni kweli. Umesikia pia kwamba jiji hilohilo ni miongoni mwa miji yenye sheria kali kabisa za silaha Marekani, na unaniuliza haya mawili yanakaaje chini ya paa moja.

Mimi nimeishi ng'ambo ya mpaka wa jiji hilo, upande wa Maryland, miaka ya kutosha kubeba maboksi ya kila ukubwa. Nimeshawaelekeza ndugu na jamaa wengi namna ya kutafuta makaratasi. Bunduki ni mara yangu ya kwanza, lakini kadiri ninavyochunguza ndivyo ninavyoona ushauri ni uleule.

Kwanza kabisa, tarehe ya kuzaliwa. Usianze kuwaeleza maofisa ulipigana vita gani au ulimuua nani. Hayo hayamhusu mtu dirishani. Sheria ya kudhibiti silaha ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini Oktoba 1968 inasema kwamba bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni kitu cha kale, na kitu cha kale hakihesabiwi kuwa silaha. Sheria ya jiji nayo imekubali mwaka huohuo. Basi aliyetoka kiwandani jioni ya tarehe 31 Desemba 1898 ni mzee wa heshima, apishwe njia. Mdogo wake aliyetoka siku ya pili yake, chuma kilekile, fundi yuleyule ila leo ameamka na uchovu wa sikukuu, huyo ni silaha na aende akajiandikishe. Mwaka 1968 hiyo ilikuwa miaka 70 iliyopita, na naona waheshimiwa walidhani kwamba baada ya miaka 70 hata bunduki hukosa pumzi.

Kama tarehe yako si nzuri, usikate tamaa. Sisi binadamu tunawajua watu waliozaliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mama zao na mara ya pili ofisini, walipohitaji kupunguza miaka ili wachezee timu ya vijana. Wewe unatakiwa kuongeza, na sheria yenyewe inakusaidia. Ukiwa ni mwigo wa bunduki ya zamani, unayeshindiliwa baruti na goroli kupitia mdomoni na usiyekubali risasi za kisasa za ganda, unahesabiwa kuwa wa kale hata kama umetengenezwa mwaka jana na vanishi bado inanuka. Kwa Kiswahili wewe ni gobori. Tanzania, gobori likikamatwa porini na askari wa wanyamapori huwa kielelezo mahakamani na mwenyewe hulala ndani. Washington gobori jipya huamka asubuhi likawa na umri wa babu yake.

Sasa tuseme umezaliwa majuzi na mwigo huuwezi. Hapo itabidi upite njia ya kawaida, na njia ya kawaida ina historia ndefu kidogo, kaa vizuri.

Mwaka 1976 jiji lilifunga mlango wa bastola. Zilizokuwa zimekwisha kuandikishwa zikabaki. Zilizochelewa, hakuna karatasi tena. Bunduki za mtutu mrefu ziliruhusiwa majumbani, lakini kwa sharti kwamba ziwe hazina risasi, na ziwe ama zimefunguliwa vipandevipande ama zimetiwa kufuli kwenye kifyatulio. Yaani mwizi akiingia saa nane za usiku, mwenye nyumba amwombe asubiri sebuleni atafute bisibisi.

Mambo yakaenda hivyo miaka 32, mpaka akatokea mlinzi mmoja aitwaye Dick Heller. Kazi yake ilikuwa kulinda jengo la serikali linalohusika na mambo ya mahakama, na kazini alikuwa na bastola kiunoni kwa idhini kamili. Ikifika saa ya kutoka, anaikabidhi na kwenda nyumbani mikono mitupu, kwa sababu jiji halikumruhusu kuwa na bastola kitandani kwake. Mchana aaminiwe na majaji, usiku asiaminiwe na jirani zake. Kesi yake ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 26 Juni 2008 majaji watano dhidi ya wanne, hukumu ikiandikwa na Jaji Antonin Scalia, wakasema raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda.

Usishangilie bado. Heller alipokwenda kujiandikisha, bastola yake ya kushindilia kwa chini ilikataliwa, kwa sababu kwa sheria ya jiji wakati ule silaha inayojipakia yenyewe na inayoweza kupiga zaidi ya risasi 12 bila kushindiliwa upya ilihesabiwa kuwa bombomu. Si lazima iwe imepiga risasi hizo. Ingeweza kutiwa magazini kubwa zaidi, basi, tabia hiyo inatosha. Agosti mwaka huo akapewa karatasi ya rivolva. Mwanangu, umeona? Mtu ameshinda kesi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, karani wa dirishani akamwambia: bunduki nyingine.

Utakutana na mahojiano. Kwa muda mrefu bunduki yenyewe ilitakiwa ihudhurie, iletwe mezani ikaguliwe, kama vile mke anavyopelekwa kwa ofisa wa uhamiaji aulizwe mume anapendelea chai ya rangi au ya maziwa. Mmiliki alifanya mtihani wa kuandika kuhusu sheria za silaha, na kila miaka mitatu aanze upya. Mahakama ya rufaa ilifuta masharti hayo mwaka 2015, lakini alama za vidole, picha, mafunzo na ada vikabaki. Na duka la kukununulia lilikuwa shida. Baada ya hukumu ya Heller alikuwepo mfanyabiashara mmoja tu mwenye leseni ya kuwapokelea wakazi bastola walizonunua nje ya jiji. Mmoja, jiji zima. Mwaka 2011 akapoteza ofisi aliyopanga na biashara yote ya bastola ya mji mkuu wa Marekani ikasimama, mpaka jiji likampa nafasi ndani ya jengo la makao makuu ya polisi. Alipostaafu mwaka 2020, polisi wenyewe wakachukua kazi hiyo. Kwa hiyo aliyekuja kwa njia ya kawaida wakati ule alipokelewa na polisi, jambo ambalo kwa mgeni yeyote halianzi siku vizuri.

Ndiyo maana nasema njia ya makumbusho ni bora. Makumbusho makubwa ya pale ni ya serikali kuu, na serikali kuu haimwombi diwani kibali cha kuweka mzinga wake. Lakini usidhani kila kioo ni kioo. Desemba 2012 mtangazaji David Gregory wa NBC aliinua studioni, ndani ya mipaka ya jiji, magazini ya risasi 30, akimhoji kiongozi wa chama cha wenye bunduki, NRA. Magazini ilikuwa tupu. Kikomo cha jiji wakati ule kilikuwa risasi 10. Kituo kilikuwa kimewauliza polisi mapema kama inaruhusiwa, kikaambiwa hapana, kikaionyesha. Polisi wakafungua uchunguzi, na Januari Mwanasheria Mkuu wa jiji akaandika barua ya kusema kwamba sheria imevunjwa ila hatamshtaki mtu. Funzo kwako ni la kiufundi: kioo cha televisheni hakihesabiwi. Hata hivyo kitu kikibebwa na mtu maarufu, sheria hupunguza makali.

Umaarufu, naam. Hapo ndipo penyewe. Tarehe haitoshi; magobori ya mwaka 1860 yamejaa madarini Virginia yote na hakuna anayeyalipia kiingilio. Ili upewe kioo chako peke yako ni lazima umpate mtu.

Mfano wako awe mzee Deringer. Amezaliwa Philadelphia, urefu wake ni kama sentimita 15, anaingia mfukoni kama kitambaa cha jasho, na ana risasi moja tu maishani kabla ya kushindiliwa upya. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 John Wilkes Booth aliingia naye kwenye kibaraza cha heshima cha Ford's Theatre, akamsogeza nyuma ya kichwa cha Abraham Lincoln, akafyatua, akaiangusha bastola sakafuni na kuruka jukwaani. Kazi ya sekunde moja. Kisha mzee huyu akakaa mikononi mwa Wizara ya Vita miaka 75 bila kuonyeshwa kwa umma, kwani wakubwa waliona si adabu kumfanya tamasha, hadi mwaka 1940 alipokabidhiwa kwa Idara ya Hifadhi za Taifa. Leo yuko chini ya ukumbi uleule, hatua chache kutoka mahali alipofanya kazi yake. Taa inamwangaza vizuri. Watoto wa shule wanabandika pua kwenye kioo na kushangaa kwamba ni kadogo hivi.

Zingatia: kwa miaka ile 32 ambayo jiji lilikataa kuandikisha bastola mpya za raia wa kawaida, bastola mashuhuri kuliko zote Marekani ilikuwa inapokea wageni katikati ya mji, kwenye Mtaa wa 10, na mgeni aliyekuja kuiona akiwa na yake mfukoni angekamatwa mlangoni.

Wala usidhani mzee anaachwa apumzike. Palizuka uvumi kwamba miaka ya 1960 wezi walimchukua na kuacha mfano wake. Mwaka 1997 akapelekwa maabara ya FBI. Wakamlinganisha na picha zake za zamani, wakahesabu vishimo kwenye chuma, wakafuata mistari ya mti kwenye kitako na ufa wake wa siku nyingi, wakatangaza kwamba ni yeye. Mtu akimuua Rais mbele ya ukumbi uliojaa watu, miaka 132 baadaye bado anaombwa kitambulisho.

Sasa mtazame mwenzake, Carcano. Huyu ni Mwitaliano wa mwaka 1940, namba C2766, aliagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago kwa dola zisizofika 22 pamoja na usafirishaji. Novemba 1963 alimuua John Kennedy huko Dallas. Sifa anazo za kutosha na kuzidi, lakini hana kioo. Serikali ilimchukua kwa sheria maalumu na sasa yuko kwenye hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko College Park, Maryland, kabatini, haonyeshwi. Kosa lake mimi naliona ni kuzaliwa karibu sana. Wapo watu walio hai ambao walimlilia Kennedy, na jambo likiwa bado na watu wa kulilia halijawa historia, ni msiba. Wafiwa wa Lincoln wamekwisha. Kwa hiyo ukipanga kumuua mtu mkubwa, panga pia kusubiri miaka 75 mpaka matanga yaanuliwe.

Nakuonya pia juu ya tamaa. Charles Guiteau, mtu aliyejiona anastahili ubalozi akanyimwa, alikwenda dukani palepale Washington mwaka 1881 kununua rivolva ya Kiingereza aina ya Bulldog. Inasimuliwa kwamba aliwekewa mbili mbele yake, moja ya mpini wa mti na nyingine ya mpini wa pembe za ndovu, iliyozidi bei kwa dola moja. Akachagua ya pembe. Si kwamba ilikuwa na shabaha zaidi. Alifikiri itapendeza zaidi ikiwekwa kwenye makumbusho.

Rudia sentensi hiyo polepole, mwanangu. Huyu hajampiga Rais bado, hajui hata kama atampata, ameazima pesa za kununulia, na tayari amekwisha kujichagulia kabati. Tarehe 2 Julai alimpiga Rais James Garfield kwenye kituo cha treni. Garfield aliugua hadi Septemba, huku madaktari wakimchokonoa kwa vidole visivyooshwa wakitafuta risasi ambayo hawakuipata, akafa. Guiteau akanyongwa mwaka uliofuata. Na rivolva ya pembe? Ilichukuliwa, mwanzoni mwa karne ya 20 ikapigwa picha kwenye taasisi ya makumbusho ya Smithsonian, kisha ikapotea. Taasisi yenye mamilioni ya vitu, iliyohifadhi mpaka kiti alichokalia mzee mlalamishi wa kipindi cha vichekesho cha televisheni, haiioni bastola pekee iliyonunuliwa kwa ajili yake. Ukiingia ghalani kwao, hakikisha kibandiko chako kimegandishwa kwa gundi nzuri na namba umeikariri.

Wengine hupenya kwa kujifanya kitu kingine. Kwenye International Spy Museum yuko binti mmoja wa KGB wa miaka ya 1960, umbo la kijiti cha rangi ya midomo, risasi moja ya milimita 4.5. Njia hiyo siipendekezi kwako. Wewe ni gobori lenye urefu wa mwanamke mzima, na hakuna mdomo wa kupakwa nawe. Wewe jaribu njia ya kinyume, ya kuwa mkubwa kupita kiasi. Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani kuna mashua ya kivita nzima, Philadelphia, iliyozamishwa na Waingereza tarehe 11 Oktoba 1776 katika Ziwa Champlain na kuopolewa mwaka 1935 ikiwa na mizinga yake. Silaha nzito kama hiyo haiulizwi kibali na mtu. Wataitoa kwa mlango gani? Kando ya mashua wameweka na tufe la chuma la ratili 24 lililoizamisha. Muuaji na maiti sebule moja, na hakuna anayemnunia mwenzake.

Ikishindikana kabisa, vuka mto uende Fairfax, Virginia, kwenye makumbusho ya NRA yenyewe. Huko hawana maswali mengi. Bibi yao mkubwa ni bunduki fupi ya gurudumu la kuwashia cheche, iliyokutwa wakati wa matengenezo ya nyumba ya John Alden huko Massachusetts mwaka 1924, na wanaamini alikuja nayo kwenye Mayflower mwaka 1620. Alipofika hakuna aliyemwomba viza. Wenyeji hawakuwa na dirisha la kuulizia.

La mwisho, na hili ni la kifamilia. Sheria ya Washington hairuhusu mtu asiyeandikisha bunduki yoyote kuwa na risasi, kwa hiyo usije na watoto. Watakutenganisha nao. Goroli iliyotoka kwa mzee Deringer usiku ule ilitolewa kwenye kichwa cha Lincoln asubuhi yake Ikulu, na imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Afya na Tiba pamoja na vipande vya mfupa. Humo imo pia pingili ya mgongo wa Garfield yenye tundu. Zamani makumbusho hayo yalikuwa ndani ya jiji, kwenye hospitali ya jeshi ya Walter Reed, kwa hiyo mzazi na mwana walikuwa wanaishi mji mmoja. Mwaka 2011 hospitali ilifungwa, makumbusho yakahamia Silver Spring, upande huu wetu wa Maryland. Sasa bastola iko chini ya sheria za mji na risasi yake iko chini ya sheria za jimbo, na katikati yao ni reli ya treni ya Red Line.

Mimi nakaa si mbali na hapo. Ukifanikiwa kuingia na ukawekwa karibu na mzee, mwambie kwamba mtoto wake nilimwona Jumamosi, mzima, amelala kwenye kitambaa cheupe, ametulia. Akiwa na salamu nitazifikisha. Kumbeba mtoto mwenyewe nimvushe mpaka kwa treni, asinitume. Makaratasi yangu mimi bado hayajatoka.